Kitoweo Kianze Nyumbani

Kila alfajiri bahari inapotulia, vyombo vya wavuvi hutia nanga Kilindoni na kuteremsha mali ambayo wengi wa bara huiona mara chache tu katika mwaka. Changu, tasi, kolekole na pweza hupangwa mchangani, hupimwa, hufunikwa barafu, na kabla jua halijawa kali huwa wamekwisha kuanza safari ya kwenda Dar es Salaam. Jioni ya siku hiyo hiyo, katika nyumba ya mmoja wa wavuvi hao, mtoto wa miaka 2 huandaliwa ugali wa sembe na kikombe cha chai yenye sukari nyingi. Hushiba, hulala, na asubuhi hakuna mtu anayedhani kwamba mtoto huyo ana njaa.

Njaa ya namna hiyo haipigi kelele. Haileti misafara ya malori ya msaada, wala haitangazwi redioni. Huonekana polepole, kwa mtoto ambaye kimo chake hakilingani na umri wake, ambaye kila maradhi yanayopita kijijini humkuta yeye kwanza, na ambaye darasani huchelewa kushika lile ambalo mwenzake amelishika. Wataalamu huiita hali hiyo udumavu, na wamekwisha kueleza mara nyingi kwamba madhara yake mengi hutokea kabla mtoto hajatimiza miaka 2, na kwamba yakishatokea ni vigumu sana kuyaondoa.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa Tanzania walio chini ya umri wa miaka 5, watoto 30 walikuwa wamedumaa. Mwaka 2010 walikuwa 42. Kwa hiyo hatua imepigwa, na ni haki kuisifu. Lakini utafiti huo huo ulitoa fundisho ambalo kila mkazi wa kisiwa chenye neema kama Mafia anapaswa kulitafakari. Mikoa iliyoonekana kuwa na hali mbaya kupita yote si ile ya ukame. Ilikuwa Iringa, Njombe na Rukwa, yaani mikoa ambayo hulilisha Taifa. Katika Iringa zaidi ya nusu ya watoto walikuwa wamedumaa, ilhali mahindi yamejaa maghalani. Ni dhahiri basi kwamba chakula kuwapo katika nchi ni jambo moja, na chakula hicho kufika katika sahani ya mtoto kikiwa na mchanganyiko unaofaa ni jambo jingine kabisa.

Mafia inaijua tofauti hiyo kwa historia yake yenyewe. Katika karne ya 19 ardhi yake nzuri ilipandwa minazi katika mashamba makubwa yaliyolimwa kwa jasho la watumwa. Wakoloni wa Kijerumani, na baada yao Waingereza, hawakuona haja ya kuugeuza mwendo huo. Mbata zilisafirishwa, fedha ikaenda kwa wenye mashamba, na wakulima wakabaki kutafuta chakula chao katika vipande vilivyobaki. Watumwa wamekwisha kukombolewa na wakoloni wamekwisha kuondoka, lakini mazoea ya kukitazama kisiwa kama mahali pa kutolea mali bila kuuliza kinachobaki hayajaondoka yote. Jana ilikuwa mbata. Leo ni samaki.

Hakuna mwenye akili atakayemwambia mvuvi asiuze samaki wake. Mvuvi ana watoto wanaohitaji sare na madaftari, ana paa linalovuja, ana mgonjwa wa kupelekwa hospitali. Isitoshe, wavuvi wengi hawana nyavu wala mashine zao wenyewe. Wamekopeshwa na matajiri, na tajiri huwa na haki ya kwanza juu ya samaki kabla hata chombo hakijafika nchi kavu. Mtu aliyefungwa na deni la namna hiyo hawezi kulaumiwa kana kwamba amewasahau wanawe kwa hiari yake. Lakini ni kwa sababu hiyo hasa kwamba jambo hili halifai kuachiwa mvuvi mmoja mmoja alibebe peke yake.

Wazee wa pwani walikuwa na desturi iliyokuwa na busara kubwa. Kabla ya samaki kugawanywa au kuuzwa, kila baharia alitengewa kitoweo cha nyumbani kwake. Fungu hilo halikuhesabiwa katika deni wala katika faida. Lilikuwa haki ya chungu. Pale ambapo desturi hiyo ingali inafuatwa, yafaa ilindwe. Na pale ambapo mizani na barafu vimeifuta, hapana budi irudishwe. Tajiri anayekopesha nyavu na aliweke sharti hilo katika mapatano yake na mabaharia. Serikali za vijiji na zilijadili katika mikutano mikuu ya vijiji. Kilo 1 ya samaki haiwezi kumfilisi mnunuzi wa Dar es Salaam, lakini kwa mtoto wa Jibondo au Bweni ni kitu kikubwa mno. Wahenga walisema kwamba maji ya kifuu ni bahari ya chungu.

Zaidi ya hayo, si lazima kitoweo hicho kiwe samaki wa bei kubwa. Dagaa wanaoanikwa ufukweni na kutiwa katika magunia ni chakula bora kwa mtoto, na pengine ni bora kuliko kipande cha samaki mkubwa, kwa kuwa huliwa na mifupa yake, na mifupa hiyo ndiyo inayojenga mifupa ya mlaji. Dagaa waliooshwa mchanga, wakakaushwa vizuri na kutwangwa mpaka wakawa unga, huweza kuwekwa katika kopo safi lenye kifuniko. Kijiko cha unga huo katika uji wa mtoto hakihitaji daktari wala fedha za kigeni. Na kusi linapovuma, vyombo vikashindwa kutoka na mashua za Nyamisati zikachelewa kuleta bidhaa, nyumba iliyoweka ng'onda na dagaa wakati wa neema haitakuwa na sababu ya kuhangaika.

Ama kuhusu mboga, inasikitisha kuona kwamba baadhi ya watu wameanza kuyaonea haya majani kana kwamba ni alama ya ufukara. Matembele, mchicha, majani ya kunde na majani ya maboga huota nyuma ya nyumba kwa jasho kidogo tu. Kinachotakiwa ni kuyapika kwa maarifa. Majani huoshwa kabla ya kukatwa, si baada, kwa maana maji huondoka na sehemu ya nguvu yake. Huchemshwa kwa muda mfupi, na maji yake hayamwagwi. Kisamvu peke yake ndicho chenye sheria tofauti, kwa sababu majani ya muhogo yana sumu ambayo haitoki mpaka yatwangwe vizuri na kuchemshwa muda mrefu katika sufuria iliyo wazi. Mama wa pwani alilijua hilo kabla maabara haijalithibitisha.

Nazi nayo ina kazi yake katika chungu hicho. Vitamini A iliyomo katika majani na katika maboga ya njano huhitaji mafuta kidogo ili mwili uweze kuipokea, na tui hutoa mafuta hayo. Lakini kila kitu kina kipimo chake. Kwa chakula cha kila siku, tui jepesi latosha. Tui zito na liachiwe siku ya wageni, hasa kwa watu wazima ambao wameanza kusumbuliwa na shinikizo la damu. Ndimu ikamuliwe juu ya mboga wakati wa kula, kwani husaidia mwili kuyapokea madini ya chuma yanayoongeza damu. Chai, ambayo watu wengi hupenda kuinywa pamoja na chakula, hufanya kinyume chake. Ni afadhali isubiri saa moja au mbili.

Kwa hiyo mlo unaofaa kwa nyumba ya Mafia si jambo la ajabu wala la gharama. Ni muhogo wa kuchemsha au ugali wa dona. Ni mchuzi wa samaki au dagaa wenye tui jepesi. Ni kunde au choroko pale samaki wanapoadimika. Ni fungu la matembele. Ni ndimu, na kipande cha papai au embe baada ya kula. Karibu kila kitu katika orodha hiyo huota, huvuliwa au huanguliwa katika kisiwa chenyewe. Kinyume chake, sembe nyeupe, sukari na mafuta ya kukaangia huvuka bahari, huongezewa nauli ya chombo, na kisha hununuliwa kwa fedha ile ile iliyopatikana kwa kuuza samaki. Huko ni kuuza afya kwa bei ya jumla na kununua maradhi kwa bei ya rejareja.

Baki suala moja ambalo wanaume hawapendi sana kuliongea. Katika nyumba nyingi, sinia la wanaume huandaliwa kwanza, na vipande vizuri vya samaki huwekwa humo. Mama, ambaye pengine ni mjamzito au ananyonyesha, pamoja na watoto wadogo, hugawana mchuzi na kichwa. Heshima ya baba ni kitu kizuri, wala hakuna anayetaka kuiondoa. Lakini baba anayeijua heshima yake ataagiza mwenyewe kwamba mjamzito na mtoto watengewe fungu lao mapema. Mtoto anayenyonya maziwa ya mama peke yake hadi miezi 6, kisha akaanza kupewa vyakula vilivyochanganywa huku akiendelea kunyonya, huwa amepewa urithi ambao hakuna mnazi wala ng'ombe unaoweza kuufikia.

Taifa hili si geni katika vita hivyo. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadiliana. Mwaka huo huo Bunge liliunda Taasisi ya Chakula na Lishe. Mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai. Nguvu ya kampeni hizo haikuwa katika hotuba, bali katika ukweli kwamba watu walikaa chini ya miti yao, wakasoma, wakaulizana, wakaamua, kisha wakaondoka kwenda kutenda. Septemba 2022 wakuu wa mikoa yote walitia sahihi mikataba ya lishe mbele ya Rais. Mikataba hiyo ni ahadi njema. Lakini karatasi haipiki, na sahihi ya Dodoma haitakuwa na maana mpaka itafsiriwe katika sufuria la Baleni, Kirongwe na Chole.

Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji basi isiwe siku ya kupima watoto na kuandika namba tu. Iwe siku ya kuwasha moto. Mama anayejua kupika uji wa dagaa na karanga na awaonyeshe wenzake. Bwana shamba na alete mbegu za mchicha na vipando vya matembele. Mwalimu na awape wanafunzi tuta moja katika bustani ya shule. Na wavuvi waalikwe, wakae, waone mizani inasema nini juu ya watoto wao. Mizani ile inayopima samaki kila alfajiri haiwezi kusema uongo kwa mnunuzi. Mizani ya kliniki nayo haisemi uongo kwa mzazi.

Bahari ya Mafia imelindwa kwa sheria tangu ilipoundwa Hifadhi ya Bahari mwaka 1995, hifadhi ya kwanza ya aina hiyo katika Tanzania, ili matumbawe na samaki wa leo wasiangamizwe na kesho ikakosa kitu. Uangalifu ule ule unastahili kuelekezwa kwa mtoto anayekua kando ya bahari hiyo. Kisiwa kitakuwa kimefanya kazi bure endapo kitawahifadhi samaki, kikawalisha watu wa miji ya mbali, na kikashindwa kumlisha mwana wa mvuvi. Chombo kitakapotia nanga kesho alfajiri, kitoweo cha nyumbani na kitengwe kwanza. Kisha mizani iitwe.