Wito kwa Wana Kanazi: Gitaa Hilo Lisiuzwe kwa Kilo

Ndugu zangu wa Kanazi, Katerero na Kemondo, nanyi wa upande wa Muleba kule Muhutwe na Kamachumu, nina ombi. Mwenye gitaa la umeme la zamani, lililolala juu ya kabati au kwenye stoo ya kwaya, asimpe mnunuzi wa vyuma chakavu. Alitoe, alifute vumbi, alipeleke kwa fundi. Tumeambiwa mara nyingi kwamba spea zake hazipo, nasi tumekubali upesi mno.

Dukani kweli nyingine hazipo. Baadhi ya watengenezaji wa enzi hizo hawapo tena; Teisco ya Japani, kwa mfano, ilichukuliwa na kampuni ya Kawai mwaka 1967. Nyuzi, jeki, voliumu na funguo za kukazia nyuzi bado unaweza kuzinunua Mwanza, au Kampala ukivukia Mutukula, na sioni haja ya mtu kujitesa kuzitengeneza. Tabu iko kwenye pikapu, daraja la nyuzi na kile kikalio cha juu shingoni. Kwa vitu hivyo kila kampuni ilikuwa na vipimo vyake, na ndivyo vinavyoamua gitaa litalia namna gani.

Basi tuvitengeneze. Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba wenye unene wa kama milimita 0.06, maelfu ya mizunguko. Mjini Bukoba kuna watu wanaosuka mota za pampu na za mashine za kusaga. Kuzungusha waya bila kuukata ndiyo kazi inayowalisha. Waya wao ni mnene zaidi, lakini ule mwembamba hupatikana ndani ya rilei na transfoma ndogo za redio mbovu, zile tunazozitupa. Tena kabla ya kusuka upya, fundi redio aipime pikapu ya zamani kwa mita. Pikapu nyingi zenye koili moja husoma kati ya kilo-omu 5 na 9. Ikionekana imekatika, aangalie kwanza pale waya unapoungana na nyaya za kutokea, maana unyevu na jasho huanza kula hapo. Mara nyingine tone moja la risasi linatosha.

Kikalio huchongwa kwa mfupa wa ng'ombe, na mfupa hatujaukosa. Daraja mkereza vyuma atalitoa kwenye kipande cha shaba nyeupe. Asisahau kipimo kimoja: kutoka kikalio hadi pingili ya 12, na kutoka pingili hiyo hadi daraja, umbali uwe karibu sawa, la sivyo gitaa halitakubali kutiuniwa hata kwa maombi. Kwa sababu hiyo nawasihi, kipande cha zamani kisitupwe hata kikiwa kimevunjika vipande vitatu. Fundi atachukua vipimo hapo.

Huu si mzaha wa watu wasio na uzoefu. Nanga, ala yetu ya nyuzi, ambayo Profesa Mugyabuso Mulokozi ameandika kwa kina kuhusu magwiji wake, huchongwa kutoka gogo moja, na hakuna mzee wa Buhaya aliyesubiri spea ya ng'ambo ndipo aimbe. Kinshasa, fundi Misoko Nzalayala, ajulikanaye kama Socklo, amekuwa akiunda magitaa ya umeme mazima kwa miongo mingi kwa vitu vinavyopatikana jijini kwake. Kama yeye anaunda gitaa zima, sisi tunashindwaje na kikalio?

Kuna jambo jingine linalonigusa zaidi. Bendi zetu kubwa za zamani nyingi zilikuwa mali ya taasisi: NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo. Mpigaji akiondoka, gitaa lilibaki kwa mwajiri. Bendi ikifa, vyombo viliishia stoo. Sauti za wapiga gitaa kama Mbaraka Mwinshehe tunazo kwenye santuri na kanda, lakini vyombo vya kizazi kile tunavipoteza kimyakimya. Kila gitaa linalopona hapa kwetu ni somo kwa kijana anayejifunza solo leo kwa kutazama simu tu.

Kwa hiyo naomba mambo ya kutendeka. Viongozi wa kwaya, Wakatoliki na Walutheri, fungueni stoo na mwandike kila chombo kilichomo, nani alikipiga na miaka gani, wazee wakiwa bado wapo wa kusimulia. Mafundi redio, msichome moto transfoma mbovu. Walimu wa umeme wa VETA pale Burugo, wapeni wanafunzi pikapu moja waisuke kama zoezi. Nasi wengine tuchague Jumamosi moja ya mwezi hapa Kanazi, tumweke msuka mota, fundi redio na seremala kwenye meza moja, na tuwalipe, maana fundi asiyelipwa harudi. Mwenye gitaa na aje nalo, hata kama limebaki mwili na shingo tu.