Kipaza sauti cha maalim



Ndugu msomaji, wiki hii nakuomba radhi. Ukurasa huu umezoea kuzungumzia malezi, ndoa na mirathi, na leo utazungumzia chombo cha umeme. Hata hivyo chombo chenyewe kimeingia katika nyumba nyingi, zikiwemo za kinamama waliolipwa kwa pishi msimu wa karafuu wakatoa katika kile walicholipwa ili kinunuliwe. Kwa ajili hiyo nimeona pahala pake ni hapa.

Katika kijiji kimoja upande wa Wete, kisiwani Pemba, yupo maalim aliyesomesha Qur-ani kwa zaidi ya miaka 40. Wanaotuswalisha leo katika misikiti kadhaa ya huko wamekaa mbele yake wakiwa na vibao mikononi. Sasa umri umemfika. Sauti iliyokuwa ikisikika mpaka kwenye mabonde ya mpunga haifiki tena safu ya tatu, na ifikapo aya ndefu hulazimika kuvuta pumzi mara mbili pale alipokuwa akipita kwa moja. Wanafunzi wake wa zamani, walioko Unguja, Dar es Salaam na Maskati, wakakubaliana kwamba arikodiwe msahafu mzima, juzuu baada ya juzuu, maadamu yu hai na nguvu anazo. Nami kwa kuwa nilipita chuoni kwake nikatiwa katika kamati ya watu watano, nikakabidhiwa na daftari la michango. Zilikusanyika shilingi milioni 9 na ushei.

Ugomvi ulianza pale pale. Ndugu yetu mmoja aliyeko Maskati alishikilia kuwa kisomo cha maalim hakina marudio, basi kinunuliwe chombo kilicho bora kuliko vyote. Akataja maikrofoni ya Neumann, aina ya U 87. Kampuni hiyo ilianzishwa Berlin mwaka 1928 na Georg Neumann, na aina hiyo imekuwa ikitumika katika studio kubwa za dunia tangu mwaka 1967. Bei yake mpya inazidi dola 3,000, yaani karibu fedha zetu zote. Mwingine, ambaye ni mwalimu wa skuli na mkono wake si mwepesi, akasema kuwa Shure SM58, ile yenye kichwa cha wavu wa mviringo tunayoiona juu ya mimbari nyingi, imekuwepo tangu mwaka 1966, ni ya dola 100 hivi, na ikianguka sakafuni huokotwa ikaendelea kufanya kazi.

Hoja ya huyu wa pili ilinichoma, kwani miaka michache nyuma tuliwahi kununua "SM58" katika duka moja la mjini ambalo sitalitaja. Muuzaji alitufungulia boksi, tukaona jina limeandikwa vizuri, tukalipa. Kuijaribu hatukuijaribu. Tulipofika kijijini ilitoa sauti kama ya mtu anayezungumza ndani ya mtungi. Baadaye fundi mmoja akaipima kwenye mizani ya duka la vyakula, akatuambia kuwa ya asili ina uzito wa gramu 298, na hii yetu ilikuwa nyepesi mno. Tuliporudi dukani tulijibiwa kwa upole kabisa: "Sheikh, mali ikishatoka mlangoni hairudi." Zile zilikuwa fedha za madrasa, na mpaka leo nikipita mbele ya duka lile nageuza uso, nisijue nimkasirikie yeye au nijikasirikie mwenyewe.

Safari hii nikasema hatununui kitu ambacho maalim hajasoma mbele yake.

Jambo la kujaribu kabla ya kununua si mzungu aliyetufundisha. Waliosoma mlango wa biashara katika vitabu vya fiqhi wanaikumbuka khiyari. Yupo swahaba aliyekuwa akihadaiwa sokoni, na Mtume (s.a.w.) akamwelekeza aseme wazi wakati wa kuuziana kwamba hadaa isiwepo. Katika madhehebu yetu ya Shafii, wauziani wanaweza kushurutishana khiyari isiyozidi siku 3, ambapo mnunuzi akiona kitu hakimfai hukirudisha. Lakini sharti hilo lazima litajwe na kukubaliwa pale pale penye mkataba. Sisi tuliwahi kutoka dukani bila kusema neno, kisha tukadai baada ya wiki.

Tatizo letu lilikuwa bahari. Siku 3 za mtu wa Kariakoo si siku 3 za mtu wa Wete. Chombo kikinunuliwa Dar es Salaam leo, hungoja boti, huteremka Mkoani, hupanda gari kuelekea kaskazini, na upepo ukiwa mkali huenda boti isije kabisa. Khiyari yote inaishia safarini. Ndipo mmoja wa kamati alipompata kijana fundi wa sauti wa Unguja, mwenye studio yake ndogo, ambaye alikuwa na maikrofoni tatu tulizozitaka: ile Neumann, ile Shure, na ya tatu ya Rode kutoka Australia, aina ya NT1, ambayo bei yake haifiki hata sehemu ya kumi ya ile ya kwanza. Kijana akasema atakuja nazo mwenyewe na atatuachia siku mbili bure.

Nilifurahi sana. Sheikh wetu hakufurahi. Aliuliza, "Bure kwa mkataba gani?" Akatufafanulia kwamba kitu cha kuazima, kwa mujibu wa Shafii, kikiharibika mikononi mwa aliyeazima bila ya kuwa katika matumizi aliyoruhusiwa, analipa, hata kama hakuzembea. Na kitu alichokichukua mtu kwa bei ili akiangalie kabla ya kununua, nacho ni dhamana yake. Ama cha kukodi ni amana, na mkodishwaji halipi ila akifanya uzembe au akivuka mipaka. "Mtoto wa chuo akiuvuta waya, kikadondoka chombo cha milioni 8, mtauza shamba la nani?" Basi tukakodi kwa siku mbili, tukaandikishana, kijana akalipwa nauli na ujira wake. Nakiri kwamba mimi peke yangu nisingelifikiria hilo.

Fundi alifika siku ya Alkhamisi na sanduku lake, akaanza kwa kutueleza tofauti. Ile Shure hufanya kazi kwa waya mwembamba uliozungushwa, unaotikisika ndani ya sumaku pale sauti inapoupiga. Ni ngumu, haijali joto wala vumbi, lakini hutaka sauti yenye nguvu na mdomo ulio karibu. Hizi mbili nyingine zina utando mwembamba mno uliotandazwa mbele ya bamba, nazo hutaka umeme wa volti 48 unaopitia katika waya ule ule wa sauti. Hizo husikia kila kitu. Aliposema kila kitu tulidhani ni sifa.

Tulianzia ofisini kwa madrasa, chumba cha matofali chenye paa la mabati. Maalim akakaa kitako, akasoma. Tulipovaa hedifoni tukamsikia yeye, tukasikia jogoo wa jirani, mwendo wa pikipiki ya barabarani, na mlio wa bati likitanuka kwa jua. Na kila neno lake lilirudi kutoka ukutani kama kwamba wapo maalim wawili. Neumann ilivikusanya vyote hivyo kwa uaminifu mkubwa kuliko nyingine. Ikawa dola 3,000 za kumrikodi jogoo.

Mke wa maalim ndiye aliyesema twende kwake. Nyumba yao ni ya zamani, ya udongo na miti, imeezekwa kwa makuti. Tukaingia chumba cha ndani, tukasimamisha magodoro mawili ya usufi ukutani, tukatandika mikeka juu ya mikeka. Fundi akapiga kofi moja, akasikiliza, akatabasamu: kofi halikurudi. Tofauti kati ya chumba na chumba ilikuwa kubwa kuliko tofauti yoyote tuliyoisikia baadaye kati ya chombo na chombo, na haikutugharimu ila jasho la kubeba magodoro.

Kisha likaja suala la asome nini. Fundi alitaka "sura yoyote". Maalim mwenyewe ndiye aliyechagua, kwa elimu ya makharij. Alisema kwanza Suratul-Ikhlas, kwani kila aya yake inaishia kwenye dal, herufi ya qalqala, na qalqala ni pigo; chombo kibovu hukikata kile kishindo au hukivimbisha. Kisha Suratun-Nas, kwani aya zake zote zinaishia kwenye sin, na sin ina mluzi, na mluzi ukizidi huwachoma masikio watoto watakaosikiliza kwa saa nzima. Akaongeza maneno machache yenye hha na hhe, kwani chuoni kwake mtoto asiyezitenganisha alikuwa harudi nyumbani mapema. Fundi aliyekuwa amesomea kazi hiyo kwa kurikodi nyimbo alibaki akimtazama mzee. Nadhani hata wenye studio za Ulaya hawana kipimo kizuri kuliko hicho.

Masharti yalikuwa haya: sura zile zile, umbali ule ule wa shibiri moja kutoka mdomoni, chombo kikae pembeni kidogo ili pumzi ya ba isikipige uso kwa uso. Umbali haukuwa jambo dogo. Maikrofoni za namna hii, msomaji akizikaribia sana, sauti yake huwa nzito kupita ilivyo, na mtu huipenda kwa uongo. Baadaye fundi akazisawazisha sauti zote tatu zisizidiane kwa ukubwa, kwani sikio hukihukumu kilicho juu kuwa ndicho kizuri. Akazipa namba badala ya majina. Hata mimi mwenye daftari sikujua namba ipi ni ya chombo kipi.

Tulisikiliza saba: wanakamati watano, mke wa maalim na binti yake mkubwa. Namba moja ilikuwa na uvumi wa chini chini, kama wa bahari ya mbali. Hiyo ilikuwa Shure, na kosa halikuwa lake: sauti ya mzee ni dhaifu, na ili isikike ilibidi kisanduku chetu cha bei nafuu kipandishwe mpaka karibu na mwisho, kikaanza kuvuma. Kwa khatibu mwenye kifua isingetokea. Namba mbili na namba tatu zilikuwa safi. Tukazirudia, tukabishana. Mwalimu wa skuli alisikia upana zaidi katika namba tatu, nami nikamuunga mkono. Binti yake maalim akasikiliza ya pili akiwa amefumba macho, akasema, "Huyu ndiye baba, alfajiri." Mama yake akaafiki. Fundi akafunua karatasi: mbili ni ile ya Australia, tatu ni Neumann.

Ndugu yetu wa Maskati alipopigiwa simu alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama tuna hakika. Nilimjibu kuwa sisemi vyombo hivyo ni sawa. Mwenye sikio la kazi na chumba cha kazi huenda akakitetea kile cha ghali, na haki atakuwa nayo. Nilisema tu kwamba watu saba wanaoijua sauti hii tangu utotoni hawakuweza kuonyesha kwa kauli moja wapi zilikokwenda dola 2,800 za ziada.

Maalim yeye alitaka kusikiliza pia. Tukamvisha hedifoni juu ya kofia. Alitulia, kisha akainua kidole. "Hapa nimepunguza madda. Futa." Fundi akamwambia lilikuwa jaribio tu. "Jaribio ni la chombo chako, ami. Qur-ani haina jaribio." Ikarikodiwa upya.

Waliokwishasoma habari za Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri, ambaye kisomo chake cha msahafu mzima kilichotolewa Cairo mwaka 1961 kilikuwa cha kwanza cha namna yake, watafahamu kwa nini mzee ana haraka na hana haraka kwa wakati mmoja. Na huku kwetu, mwaka 1928 Siti binti Saad alilazimika kusafiri mpaka Bombay ili sauti yake iingie katika santuri. Sisi chombo kimetufuata kwa boti ya Mkoani.

Tulinunua hiyo NT1, kisanduku kilicho bora kuliko cha mwanzo, kisimamio na waya. Kinga ya pumzi aliishona binti wa maalim kwa soksi ya nailoni na kiduara cha ubua. Kwa kuwa hewa ya kisiwani ina chumvi na unyevu, na tando zile hazipendi unyevu, chombo hulala ndani ya bati la biskuti lenye vifuko vile vya kukaushia vinavyokuja na maboksi ya viatu. Muuzaji wa safari hii alikubali khiyari ya siku 3 kwa maandishi, na fundi alikijaribu pale pale Unguja, kisomo kile kile, kabla hakijapanda boti.

Zimebaki milioni 6 na kidogo. Wapo waliosema lijengwe tangi la maji la chuo. Sheikh akakataa: fedha zilitolewa kwa ajili ya kurikodi, na kuzigeuza ni kwa ridhaa ya waliotoa. Basi sasa nazunguka na daftari nyumba kwa nyumba, na walioko mbali nawapigia simu. Wengi wameridhia tangi. Bi mmoja wa upande wa Kojani amesema fungu lake lirudishwe, kwani ana mjukuu anayeanza skuli, nami nimemrudishia. Juzuu Amma imekwisha. Tunarikodi baada ya swala ya alfajiri, popo wakishatulia mwembeni na kabla pikipiki hazijaanza, na Jumamosi, mvua ikituruhusu, tutaingia Tabaraka.