Kutangulia si kufika

Tangu fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika zilizochezwa Nigeria mwaka 1980 hadi zile za Morocco zilizomalizika Januari 2026, timu yetu ya Taifa imecheza michezo 13 katika mashindano hayo. Imetoka sare mara tano, imefungwa mara nane, na haijapata kushinda hata mara moja. Hesabu hiyo yafaa iwe mbele ya macho ya kila mwenye dhamana ya kuunda kikosi cha fainali za 2027, ambazo nchi yetu imepewa kuwa mwenyeji pamoja na Kenya na Uganda.

Hatusemi haya kwa nia ya kuwabeza vijana wetu. Baada ya Peter Tino kufunga bao la kusawazisha kule Ndola mwaka 1979 na kutupatia tiketi ya kwenda Lagos, tulikaa miaka 39 bila kuziona tena fainali hizo. Leo tumekwisha kushiriki mara tatu tangu mwaka 2019, na kule Morocco tulivuka hatua ya makundi kwa mara ya kwanza katika historia yetu. Lakini tulivuka kwa sare mbili, pasipo ushindi. Pongezi zilistahili, na zimekwisha kutolewa. Sasa ni wakati wa kusema ukweli, maana mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Ukweli wenyewe ni kwamba Taifa Stars haishindwi kufunga. Inashindwa kulinda ilichokipata. Cairo, Juni 2019, tulikutana na Kenya. Simon Msuva alifunga dakika ya sita. Kenya wakasawazisha dakika ya 39. Dakika moja baadaye Mbwana Samatta akatupa tena uongozi. Tuliongoza mara mbili katika mchezo mmoja, na tukafungwa 3-2. San Pedro, Januari 2024, Msuva alitutanguliza mapema dhidi ya Zambia, ambao walibaki wachezaji kumi tangu kabla ya mapumziko. Dakika ya 88 Patson Daka akasawazisha. Rabat, Desemba 2025, Msuva alifunga kwa penalti dhidi ya Uganda; dakika ya 80 bao likarudishwa, na Uganda wakapata penalti mwishoni mwa mchezo, wakaikosa. Katika mashindano hayo hayo tulisawazisha dhidi ya Nigeria, na dakika mbili baadaye tukafungwa tena.

Fainali tatu, makocha watatu, ugonjwa mmoja. Haiwezekani kuuita bahati mbaya.

Kila aliyeitazama michezo hiyo kwa makini anazijua dalili zake. Tukishatangulia, walinzi hurudi nyuma hadi kwenye eneo la hatari, na viungo huwafuata. Mshambuliaji hubaki peke yake karibu na mstari wa katikati. Mpira unapookolewa hauna mwenyewe wa kuupokea, kwa hiyo huwaendea wapinzani, nao huurudisha mara moja. Mlinzi aliyeokoa hatari mara kumi atachelewa mara ya kumi na moja, si kwa uzembe bali kwa uchovu. Huko si kulinda. Ni kungoja kufungwa. Timu inayojua kulinda uongozi huulinda kwa kuumiliki mpira mbali na goli lake, ikiupeleka pembeni, ikitafuta mipira ya kurusha, na kuwalazimisha wapinzani kukimbia bila mpira.

Kwa sababu hiyo, mjadala wetu wa kikosi umeanzia mahali pasipofaa. Maofisini, katika vyumba vya walimu na vijiweni tunabishana juu ya kumi na mmoja wa kwanza. Benchi tunalihesabu kuwa mahali pa waliokosa nafasi. Lakini sheria za sasa zinaruhusu kubadili wachezaji watano katika mchezo mmoja, yaani nusu ya wale kumi wanaocheza mbele ya mlinda mlango. Nusu saa ya mwisho, ambayo ndiyo inayotuangusha, inaweza kuchezwa na timu nyingine kabisa. Kocha wa Taifa Stars hana budi kuchagua kumi na sita, na kila mmoja wa wale watano wa akiba ajue kabla ya mchezo kuanza ni kazi gani inayomngoja iwapo tunaongoza.

Hapa ndipo penye uamuzi mgumu. Mabao yote matatu ya kwanza tuliyoyataja yalifungwa na Msuva. Samatta ni Mtanzania aliyefunga Anfield akiwa na Genk mwaka 2019, na Wembley akiwa na Aston Villa mwaka 2020. Deni letu kwao ni kubwa. Lakini katikati ya mwaka 2027 Samatta atakuwa na umri wa miaka 34 na Msuva 33. Iwapo wataitwa, haifai waanze wote wawili na kuishiwa pumzi dakika ya 60, pale hasa tunapohitaji mtu wa mbele anayejua kuukalia mpira. Mmoja aanze, mwingine aingie. Kumweka mkongwe akiba kwa ajili ya saa ya hatari si kumshusha hadhi, bali ni kumkabidhi funguo za ghala.

Katika kiungo, Novatus Dismas amekuwa akichezeshwa mara katika ulinzi, mara katikati. Apewe kazi moja: kukaa mbele ya walinzi na kuwazuia wasirudi nyuma kupita kiasi. Feisal Salum, aliyefunga bao la sare dhidi ya Tunisia, asivutwe hadi kwenye eneo letu la hatari kusaidia kuokoa. Abaki mahali ambapo mpira ukiokolewa utamkuta, naye aupe timu nafasi ya kupumua.

Wapo watakaosema kwamba tatizo ni uwezo, na kwamba wenzetu wametuzidi. Hoja hiyo ina uzito tukizungumza juu ya Senegal au Algeria. Haina uzito mbele ya Zambia wenye wachezaji kumi. Tena tunao ushahidi wa nyumbani. Katika fainali za CHAN zilizochezwa Agosti 2025, wachezaji wetu wa ligi ya ndani walitangulia dhidi ya Burkina Faso wakaongeza bao la pili, wakaifunga Mauritania kwa bao la dakika za mwisho, wakaulinda uongozi dhidi ya Madagascar. Katika michezo minne ya kundi walifungwa bao moja tu. Ni kweli kwamba mashindano hayo hayawahusu wachezaji wa nje, na kwamba Morocco walitutoa katika robo fainali. Hata hivyo yalionyesha kwamba kumaliza kazi si jambo lililo nje ya uwezo wa Mtanzania.

Linalohitajika ni mazoezi ya pamoja na kocha anayeachwa atulie. Mwaka 2024 kocha alifungiwa katikati ya mashindano. Mwaka 2025 timu ilikabidhiwa kwa kocha mpya wiki chache tu kabla ya fainali. Mwalimu gani awezaye kumwandaa mwanafunzi kwa mtihani wa taifa kwa namna hiyo? Shirikisho la mpira lapaswa kuitumia michezo ya kirafiki kufanyia mazoezi nusu saa ya mwisho, hata kama matokeo ya siku hiyo hayatapendeza.

Nanyi walimu mnaosimamia UMITASHUMTA na UMISSETA mna sehemu yenu. Mtoto anayepigiwa kelele abutue mpira popote kwa sababu timu yake inaongoza, ndiye mlinzi tutakayemlaumu miaka kumi ijayo. Mfundisheni kutulia na kumtafuta mwenzake.

Mwaka 1980 tulikwenda Lagos kujifunza. Katika fainali za 2027 tutacheza mbele ya watu wetu wenyewe, na kisingizio cha ugeni hakitakuwapo. Tutatangulia tena katika mchezo mmoja au miwili. Hilo tumekwisha kulizoea. Kocha na alitazame benchi lake siku hiyo na kumkuta mtu aliyeandaliwa kuifikisha timu dakika ya 90.