Tunangoja Jino Liume

Ndugu yangu Mwislamu, nakuuliza swali moja, nawe ujijibu nafsi yako, si mimi. Mara ya mwisho ulipokwenda kwa daktari wa meno, ulikwenda kwa sababu gani? Jawabu nalijua. Ulikwenda kwa kuwa hukulala usiku kucha, karafuu imeshindwa, maji ya chumvi yameshindwa, na shavu limevimba. Ukakaa kitini ukasema, "Ling'oe." Likang'olewa, ukarudi nyumbani ukishukuru, wala hukurudi tena mpaka lilipouma la pili.

Na sisi ndio tujisifuo kwa mswaki! Twasema, na ni kweli, kwamba Mtume (S.A.W.) alieleza ya kuwa lau si kuchelea kuutaabisha umati wake, angaliuamrisha kupiga mswaki kwa kila Sala. Mwaka 1986 Shirika la Afya Ulimwenguni nalo likahimiza kijiti hicho kitumiwe, tukafurahi. Lakini kuusifu mswaki si kuutumia. Na hata ukiutumia, husugua pale unapofika tu. Nyuma ya gego la mwisho na baina ya jino na jino haufiki, na ukoga ukishaganda ukawa kama chokaa hautoki kwa mswaki wa mti wala wa dukani. Huo hukwanguliwa kwa chombo, na chombo anacho daktari.

Wako wasemao, "Wazee wetu hawakumjua daktari wa meno, na meno yao yalikuwa mazima." Wazee gani hao? Mimi ni mtu wa miaka sitini na kitu, na wazee niliowadiriki wengi walikuwa wakitwangiwa tambuu, kwani hawakuwa na la kutafunia. Na hao waliosalimika hawakunywa chai ya vijiko vinne vya sukari mara tano kwa siku, wala hawakuwapa watoto peremende asubuhi na soda jioni. Vijidudu vya kinywani hula sukari hiyo vikatoa asidi, na asidi ndiyo ilayo jino. Tundu huanza dogo, wala haliumi. Huuma likishakaribia kiini chenye mishipa. Basi angojaye maumivu amengoja mpaka mwizi ametoka na mzigo.

Wengine husema, "Mimi nimemtegemea Mwenyezi Mungu." Mtume aliyetufundisha kutegemea ndiye aliyetuamrisha tujitibu. Hofu ya sindano isivishwe kanzu ya ucha Mungu.

Niseme na langu, ingawa ni la aibu. Nimesomesha Kurani zaidi ya miaka thelathini. Nilikuwa nikipiga mswaki fizi zatoka damu, nikaona bora mahali hapo nipaache papumzike. Kumbe damu ile ndiyo dalili ya ugonjwa wa fizi, nami nikaifanya ndiyo sababu ya kuacha! Meno mawili ya mbele ya juu yakalegea, yakatoka. Sasa wewe uliyesoma tajwidi wajua: herufi ya fa hutoka baina ya ncha za meno hayo na mdomo wa chini, na thaa, dhali na dhaa hutoka ncha ya ulimi ikigusa ncha za meno hayo hayo. Nikawa nawasomea watoto kwa pengo. Na mwanafunzi humfuata mwalimu wake. Siku moja kijana mdogo, mwenye meno yake yote, alisoma mbele yangu akafika penye dhali, akaitoa kama niitoavyo mimi. Nikamrudi. Akanitazama kinywani, asiseme neno. Wiki ile ile nilikwenda kutiwa meno ya bandia, na herufi zangu mpaka leo si zile za zamani.

Na mtoto je? Mama husema, "Hayo ni meno ya utoto, yatang'oka." Ni kweli, yale ishirini yatang'oka. Lakini afikapo umri wa miaka sita hivi, nyuma ya hayo huota magego manne ambayo hakuna jino lililong'oka kuyapisha, na wazazi huyadhani nayo ni ya utoto. La hasha! Hayo ni ya maisha. Yakioza mtoto ana miaka tisa, hayana badali.

Ramadhani nayo tumeifanya udhuru. Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wameuona mswaki ni makuruhu kwa aliyefunga, jua likishapinduka. Sawa. Lakini usiku nani amekukataza? Twala tende, kaimati na tambi za sukari tangu magharibi mpaka daku, kisha twalala nazo menoni.

Basi nenda Shaabani, kabla ya kufunga, ukiwa huumwi na chochote. Mwambie daktari, "Sikuja kung'oa, nimekuja unitazame." Huenda akastaajabu kidogo. Kisha umrudie kila mwaka, na yeye akikutaka baada ya miezi sita, nenda. Na yule mtoto wa miaka sita umshike mkono mwende naye.