Lubumbashi: Kompyuta yaweza kuonyesha njia ya vumbi, lakini nani atagawa viwanja?

Wasanifu majengo na wataalamu wa mipango miji wamekuwa wakikutana kuonyeshana jinsi kompyuta inavyoweza kuiga upepo, joto na mwendo wa watu kabla ya tofali la kwanza kuwekwa. Mmoja wa mikutano hiyo, SimAUD, ulianza Marekani mwaka 2010, kisha ukafanyika pia katika miji kama London, Toronto na Delft. Lubumbashi iko mbali na kumbi hizo, lakini swali linalojadiliwa humo inalijua kwa machungu.

Mji huu ulianzishwa mwaka 1910, na mwaka uliofuata kiwanda cha kuyeyusha shaba kikaanza kazi. Upepo wake huvuma zaidi kutoka kusini-mashariki. Kwa miongo mingi moshi wa kiwanda ulisukumwa kaskazini-magharibi, na vumbi lenye shaba, risasi na kadimi likatua huko. Kuelekea kilima cha Penga Penga kuna ardhi iliyobaki tupu, ambayo hata miti inashindwa kuota.

Madhara hayakuishia kwenye udongo. Mwaka 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha utafiti uliopima mkojo wa wakazi wa Katanga. Waliokuwa wakiishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha madini walikutwa na viwango vya juu mno vya kobalti na metali nyingine.

Uigaji wa kompyuta ungeweza kuchora njia ya vumbi hilo mapema. Hata hivyo, programu haina miujiza: ikilishwa takwimu mbovu, hutoa ramani nzuri yenye uongo. Inahitaji vipimo vya upepo, vya udongo, na ramani ya nyumba zilivyo leo, si zilivyochorwa zamani.

Sehemu ya kazi hiyo imeshafanywa na watafiti wa Lubumbashi wenyewe, waliopima udongo huo kwa miaka. Kwa hiyo kipimo cha mikutano hii si uzuri wa picha zinazoonyeshwa ukumbini. Ni kama ramani hizo zitafika mezani pa anayegawa viwanja, kabla familia haijajenga na kupanda mboga mahali ambapo upepo umeshatua sumu.