Mnunuzi Ndiye Amlishaye Mwizi



Siku hizi wakutanapo watu wawili au watatu, mazungumzo yao hayakawii kufika kwenye wizi. Huyu asema pikipiki yake ilitolewa barazani usiku, wala mbwa hakubweka. Yule asema aliliacha gari lake kanda ya barabara kwa nusu saa, akarudi akakuta halina vioo vya pembeni. Fundi naye asema karakana yake iliyo nyuma ya nyumba imevunjwa, na mashine ya kuchomelea imekwenda. Wote twatikisa vichwa, twawalaani wezi, twasema dunia imeharibika. Kisha twaagana, na njiani mmoja wetu apita sokoni, anunua kioo cha gari kwa nusu ya bei, bila karatasi wala swali, naye arudi nyumbani akifurahi kwamba leo amebahatika.

Jambo hilo ndilo lililotusukuma kuandika maneno haya. Twataka kulisema waziwazi, hata kama litawachoma wengine, na sisi wenyewe tumo: wizi wa pikipiki, wa magari na wa vyombo vya mafundi hauendeshwi na mwizi peke yake. Waendeshwa na mnunuzi. Mwizi ni mkono tu. Tumbo limlishalo ni soko, na soko ni sisi.

Fikirini. Mtu aibaye mahindi aweza kuyala, na aibaye shuka aweza kujifunika. Lakini aibaye taa ya gari ataifanyia nini? Hali taa, wala hana gari la kuitia. Aibaye keekee ya umeme hajui hata kuishika. Kitu hicho mkononi mwake ni mzigo na hatari mpaka atokee mtu mwingine, mwenye fedha na mwenye haja nacho, aseme, “Lete, nitakupa kidogo.” Kwa neno hilo moja mzigo wageuka kuwa mshahara. Kama asingelipatikana wa kulisema, nani angeliamka saa nane za usiku kwenda kuvunja mlango wa watu?

Tena tuangalie wanaoumizwa ni akina nani. Kazi ya bodaboda ilianza kwa baiskeli huko Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, katika miaka ya 1960, watu walipokuwa wakivushwa kutoka mpaka hata mpaka. Mwaka wa 2008 Serikali ya Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani katika pikipiki ndogo, zenye injini isiyofika 250 cc, na tangu hapo zimejaa mijini na mashambani. Vijana wengi waziendeshao hawakuzinunua kwa fedha taslimu. Wamekopa, nao hulipa kidogo kidogo kila siku au kila juma. Pikipiki ikiibwa, deni haliibwi pamoja nayo. Kijana huamka asubuhi hana chombo, hana kazi, na mdai wake yuko mlangoni. Basi mtu anunuapo gurudumu la pikipiki hiyo, au injini yake, asidhani amenunua chuma. Amenunua karo ya mtoto fulani, na chakula cha jioni cha nyumba asiyoijua.

Wala hatunyoshi kidole hali sisi ni safi. Miaka kadhaa iliyopita sisi waalimu watatu tulichanga fedha ili tuwapatie wanafunzi vyombo vya kujifunzia ufundi. Tukaletewa sanduku la spana, misumeno miwili na jiliwa zito la chuma, kwa bei isiyofika theluthi ya bei ya dukani. Aliyeleta hakuwa na duka, wala hakutoa risiti. Hatukuuliza. Tuliambiana kwamba ni kwa faida ya watoto, tukashukuru.

Hata siku moja fundi wa mtaa wa pili akaja kutengeneza mlango wa darasa. Akaomba kutumia jiliwa. Alipoligeuza chini, alinyamaza kitambo. Chini yake palikuwa na herufi mbili zilizochongwa kwa tindo, alama ya marehemu baba yake, aliyemwachia chombo kile. Hakutugombeza. Alisema tu, “Waalimu wangu, hili nimelitafuta miezi saba.” Tulimrudishia jiliwa, na spana, na misumeno. Lakini ile miezi saba hatukuweza kumrudishia. Wala vijana wawili waliokuwa wakijifunza kazi kwake, ambao aliwaachisha kwa kukosa vyombo, hatukuweza kuwarudisha. Tukajiuliza: sisi tuwafundishao watoto kusema kweli, tulikuwa nani katika habari ile? Jibu lilikuwa chungu. Tulikuwa washirika wa mwizi.

Twajua kwamba wako watakaobisha. Na tuwasikilize mmoja mmoja.

Wa kwanza asema, “Mimi sikuiba, nilinunua kwa fedha yangu.” Ndugu huyu na aisome Kanuni ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63. Wizi wa kawaida, kwa kifungu cha 275, adhabu yake ni kifungo cha miaka 3. Aibaye gari, kwa kifungu cha 278A, ni miaka 7. Lakini apokeaye mali ya wizi, kwa kifungu cha 322, aweza kufungwa hata miaka 14. Someni tena hesabu hiyo: mpokeaji aweza kupewa mara mbili ya miaka ya mwizi wa gari! Wala sheria haimwachilii mtu kwa kuwa hakuambiwa. Yamshika yule ajuaye, na pia yule aliyekuwa na sababu ya kuamini kwamba mali ni ya wizi. Kitu cha shilingi elfu kumi kikiuzwa elfu mbili, gizani, na mtu asiyetaka kutaja jina lake, sababu ya kuamini ndiyo hiyo. Mtataka nyingine ya namna gani? Waliotunga sheria hawakukosea hesabu. Walijua kwamba mwizi mmoja akifungwa, mnunuzi humpata mwingine kabla ya juma kwisha.

Wa pili asema, “Waiba kwa umaskini, tuwahurumie.” Huruma ni njema, lakini na imfikie anayestahili. Mwenye pikipiki ya mkopo si tajiri. Fundi mwenye karakana ya mabati nyuma ya jiko si tajiri. Maskini anamwibia maskini, na faida hukaa kwa yule wa katikati, anunuaye kwa senti na kuuza kwa shilingi. Tena anunuaye kioo cha gari cha wizi ana gari. Njaa gani iliyomlazimisha?

Wa tatu asema, “Dawa ya mwizi ni moto.” Huyu ndiye tumwogopaye kuliko wote. Tumesikia mara nyingi jinsi kundi la watu linavyomkamata kijana, pengine mwizi kweli, pengine mpita njia tu, likamvisha gurudumu na kumchoma mbele ya watoto. Hiyo ni kuua, na sheria huiita kuua. Hata tukiiacha haki kando, ni upumbavu pia. Aliyechomwa hasemi. Angalipelekwa mbele ya hakimu angaliulizwa, “Injini uliipeleka kwa nani?” na jina lingalitoka. Moto ule humficha mnunuzi, naye aweza kuwa yumo katika kundi lile lile, akipiga kelele kuliko wengine. Kikulacho ki nguoni mwako.

Wa nne asema, “Hiyo ni kazi ya polisi.” Ni kazi yao, nasi twawataka waifanye bila kuombwa chai. Lakini polisi akiipata spana iliyoibwa, atajuaje ni ya nani, ikiwa mwenyewe hakuitia alama wala hakuandika namba yake popote? Wengi huenda kituoni kusema, “Nimeibiwa pikipiki nyekundu.” Pikipiki nyekundu ni nyingi kama nyasi.

Basi tufanye nini? Hatukatai makufuli. Ila kufuli nalo lataka akili. Kufuli la usukani ambalo pikipiki hutoka nalo kiwandani halitoshi, maana mtu mwenye nguvu hulivunja kwa kuupinda usukani. Mnyororo mnene na upitishwe katika gurudumu la nyuma na fremu, kisha ufungwe kwenye kitu kisichong'oka. Usifungwe gurudumu la mbele peke yake, kwani hilo hufunguliwa likaachwa hapo, pikipiki ikaenda. Wala mnyororo usilazwe chini, maana ulalao juu ya saruji hupigwa nyundo ukakatika upesi. Uning'iniao juu huyumba, na nyundo haipati pa kuupigia. Katika karakana, tazameni jinsi mlango ulivyotengenezwa. Wengi hununua kufuli la thamani, wakalitia kwenye kishikizo kilichofungwa kwa skurubu upande wa nje. Mwizi haligusi kufuli, hufungua skurubu kwa bisibisi akaingia. Tieni bolti zipitazo katika mbao mpaka ndani, na nati zikazwe kwa ndani, na bawaba vivyo hivyo. Na vyombo visianikwe mbele ya mlango ulio wazi, ambapo kila apitaye huvihesabu.

Lakini kuliko kufuli, twasifu alama. Wako wenye magari mijini ambao wamechora namba ya gari katika vioo, taa na madirisha yote. Alama haiuzuii mkono wa mwizi, bali huiua bei. Nani atanunua kioo chenye namba ya gari la mwingine? Fundi na achonge herufi zake katika kila chombo, mahali panapoonekana na tena mahali pa siri, kama alivyofanya yule mzee wa jiliwa. Mwenye pikipiki na aandike namba ya fremu, iliyopigwa kwenye shingo ya usukani, na namba iliyopigwa katika injini, azihifadhi nyumbani pamoja na picha na risiti, wala asiziweke chini ya kiti cha pikipiki ile ile. Kazi hiyo yote haimalizi saa moja.

Na mnunuzi je? Huyu ndiye tuliyemkusudia tangu mwanzo, nasi twampa mambo manne tu. Kwanza, asinunue kwa mtu asiye na mahali pa kupatikana kesho. Pili, adai risiti yenye jina, na namba ya kitambulisho cha muuzaji. Tatu, kama ni pikipiki au gari, azilinganishe namba za fremu na za injini na zile za hati ya usajili. Zikitofautiana, au zikiwa zimekwaruzwa kwa tupa, aondoke. Nne, asikubali kupewa hati yenye jina la mtu wa tatu na maneno ya “tutabadilisha baadaye”. Katika Kenya mtu aweza kuuliza katika daftari la Serikali, kwa ada, gari ni la nani. Na umiliki ubadilishwe siku ile ile ya kulipa. Akiona haya ni taabu, na ajue kwamba taabu hiyo ndiyo aliyokwepa aliyemwibia jirani yake.

Wauza vipuri nao twawaambia kwa heshima: wengi wenu ni watu wa haki, na jina lenu laharibiwa na wachache. Wekeni daftari. Andikeni kila kilichoingia, nani alikileta, na lini. Anayeogopa daftari amejitangaza mwenyewe.

Najua-sijui ni neno letu la siku zote. Twajua, lakini twajifanya hatujui, kwa sababu bei ni tamu. Lakini bei ile haikupungua kwa uchawi. Kilichopunguzwa sokoni kimelipwa na mtu mwingine, na zamu huzunguka. Leo umenunua kioo cha jirani kwa nusu ya bei. Kesho chako kitang'olewa ili auziwe mwingine mwenye furaha kama yako. Hivyo twaibiana sisi kwa sisi, na katikati yetu yuko mtu mmoja atuuziaye mali zetu wenyewe.

Katika shule yetu tumekata shauri kwamba hakitanunuliwa kitu bila risiti, hata msumari mmoja. Vyombo vya wanafunzi sasa ni vichache kuliko zamani. Spana ni saba tu, na zamu ya kuzishika ni ndefu. Yule fundi wa jiliwa huja kila Jumamosi kuwafundisha watoto, na chombo chake hukichukua begani, akarudi nacho jioni. Twaliona likipita langoni kwenda na kurudi, nasi twaona haya. Haya hiyo twaitaka ikae, na twawaombea wasomaji wetu waipate mapema kuliko sisi.