Pango Halifiki Mombasa

Siku bumu linapoingia, hosteli hubadilika sauti. Waliokuwa wakila mkate mkavu na chai ya rangi wanaonekana kwenye foleni ya chipsi mayai, wenye madeni wanajificha au wanalipa, na rumeti aliyenuna wiki nzima anaanza kuimba bafuni. Na siku hiyo hiyo ndiyo watu wa "fursa" wanapokukumbuka.

Muhula uliopita walinikumbuka mimi. Tulikuwa tumetoka kwenye maombi ya jioni, watano tumekaa kwenye kimbweta nyuma ya ukumbi. Ndugu mmoja tunayemheshimu sana, mtu anayeongoza nyimbo za sifa mpaka unatokwa na machozi, akafungua daftari. Akachora duara moja juu ya ukurasa. Chini yake akachora matano. Chini ya kila moja akachora matano tena.

"Unaweka laki moja," akasema. "Unaleta watu watano, na kila mmoja wao analeta watano. Wewe umekaa tu, baraka inapanda kukufuata."

Halafu akafunga daftari na kutuomba tuinamishe vichwa tuiombee fursa hiyo. Niliinamisha. Lakini kilichonijia kichwani hakikuwa maombi. Nilimwona marehemu babu yangu, gizani, akihesabu hatua.

Nilikuwa na miaka tisa. Babu, baba na mimi tulikwenda Mapango ya Amboni, kama kilomita nane kutoka Tanga mjini ukishika barabara ya kwenda Mombasa. Kwa asiyeyajua, ni mapango ya mawe ya chokaa. Wanajiolojia wanasema mawe yale yalifanyika chini ya bahari kiasi cha miaka milioni 150 iliyopita, halafu maji yakayala polepole mpaka yakaacha vyumba na vichochoro. Mlangoni kuna joto la Tanga unalolijua. Ukiingia ndani unapokewa na harufu ya popo.

Mwongoza wageni alikuwa kijana mcheshi. Alitumulikia mawe akituonyesha mguu wa tembo hapa, ramani ya Afrika pale. Tulipofika kwenye kichochoro kilichozidi kuwa chembamba mpaka tochi haioni mwisho, akatupa ile simulizi ambayo watoto wengi wa Tanga tumekua nayo. Zamani Wazungu wawili waliingia humu na mbwa wao, wakapotea. Wao hawakuonekana tena, lakini mbwa alikuja kuonekana Mombasa. Kuna wanaosema si Mombasa, alitokea chini ya Mlima Kilimanjaro. Mimi niliamini yote mawili kwa pamoja.

Babu hakubisha. Alikuwa amekata mkonge karibu maisha yake yote, na kazi ile haina mzaha na namba: majani unahesabu mwenyewe, mzigo unafunga mwenyewe, halafu msimamizi anakuja kuhesabu tena. Nadhani ndiyo maana tangu mlangoni alikuwa akitembea huku midomo inacheza. Anahesabu hatua.

Tulipita mahali ambapo watu huacha sadaka kwa ajili ya mizimu. Palikuwa na chupa za marashi, vipande vya kitambaa, sarafu chache. Baba, ambaye alikuwa ameokoka mwaka ule na bado ana moto, alicheka kwa sauti. "Mtu mzima na akili zake anampa jiwe pesa!" Babu, Mkristo wa miaka mingi kuliko yeye, alivua kofia, akapita kimya.

Kisha yule kijana akazima tochi ili tulione giza lenyewe. Wenzangu, giza la kukatika umeme si giza. Lile ni giza ambalo ukifumbua macho na ukiyafumba ni sawasawa. Nilishika suruali ya babu. Katika kimya kile nikamsikia akinong'ona, "Mia mbili na sita. Tumesimama." Tochi ilipowaka akaendelea, "Mia mbili na saba."

Tulipotoka nje nilimuuliza kama ni kweli pango linafika Mombasa. Akaniambia, "Mimi najua hatua nilizotembea tu. Hizo nyingine atakuambia aliyezitembea."

Miaka mingi baadaye, nikiwa hapa chuoni, nilisoma kwamba kuna waliokwenda kuyapima mapango yale mwaka 1994. Walikuta mapango kumi, na lililo refu kuliko yote halizidi mita 900. Kutoka Tanga hadi Mombasa kwa barabara ni zaidi ya kilomita 150.

Sasa nirudi kwa baba.

Nilipokuwa kidato cha pili, baba aliingizwa kwenye mpango wa fedha na watu aliosali nao. Sitautaja jina, maana shida yangu si jina. Mwaka 2009 nchi nzima ilikuwa imeshasikia habari za DECI, watu waliohamasishwa "kupanda" fedha ili "wavune" zaidi, mpaka serikali ikauzuia na viongozi wake wakafikishwa mahakamani. Huu wa baba ulikuja baadaye na ulikuwa mwingine, lakini lugha ilikuwa ile ile: mbegu, mavuno, baraka, ngazi. Mama aliuliza swali moja tu jikoni, nalikumbuka kama jana: "Hiyo pesa ya kuvuna inatoka wapi?" Baba akamjibu kwamba ana imani haba.

Mwezi wa kwanza akalipwa. Akanunua redio, akamwita baba mdogo naye aingie. Baba mdogo akauza pikipiki yake ya bodaboda, iliyokuwa ikimlisha yeye na wanawe. Mwezi wa nne simu za viongozi zikawa hazipatikani.

Ada yangu ilikuwa mle ndani. Nilirudishwa nyumbani wiki tatu. Kilichonirudisha darasani ni mchezo wa mama: wanawake 12 wa mtaani, kila Jumamosi kila mmoja anatoa 10,000, na mmoja wao anaondoka na 120,000. Hakuna anayepata zaidi ya anachotoa, na kila mmoja anajua pesa inatoka mfukoni mwa nani. Wenzake walimpisha zamu. Wala hawakuita jambo lile muujiza.

Mpaka leo baba na baba mdogo hutumiana meseji ya Krismasi tu. Na yule baba aliyemcheka mtu kwa kuliachia jiwe sarafu sijamsikia tena akimcheka mtu kwa jambo la imani. Aliyeacha sarafu pangoni alipoteza sarafu. Sisi tulipoteza pikipiki, ada, na undugu wa watu wawili waliolala kitanda kimoja utotoni.

Turudi kwenye kimbweta, kwenye lile daftari. Usiku ule sikulala, nikachukua kalamu nikahesabu hatua. Mtu mmoja analeta 5. Hao wanaleta 25. Kisha 125, kisha 625. Ukifika ngazi ya 11 unahitaji watu 48,828,125. Jumlisha wote tangu ngazi ya kwanza: watu 61,035,155. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120. Yaani kwa ngazi 11 tu, mchoro wa yule ndugu umemmeza kila mtu, bibi zetu wa vijijini, wafungwa, na kichanga kilichozaliwa usiku wa sensa, wamebaki kama laki saba. Ngazi ya 12 tutaenda kuwaleta wapi? Labda tutume mbwa Mombasa.

Na kuna kitu kibaya zaidi. Simamisha mchoro ule popote unapotaka, kwenye ngazi ya tatu au ya kumi, utakuta takribani wanne kati ya kila watano wako chini kabisa. Hao wametoa laki yao na hawajamleta mtu. Hawakuzembea wala hawakupungukiwa maombi. Hivyo ndivyo mchoro ulivyotengenezwa: wachache walipwe kwa pesa ya walio wengi, na walio wengi waambiwe wavumilie. Ndiyo maana sheria ya nchi inautambua upatu wa namna hii kuwa kosa la jinai.

Najua nitaambiwa kwamba naipiga vita biashara. Hapana. Dada wa block yetu anayekaanga vitumbua alfajiri namheshimu kuliko baadhi ya wanaotufundisha ujasiriamali. Yuko jamaa ananyoa nywele chumbani kwake, mwingine anachapa na kudurufu nondo za watu wakati wa UE. Hao ukiwauliza pesa inatoka wapi, wanakuonyesha kitumbua. Nao wanaweza kupata hasara, lakini hasara yao haihitaji mtu mwingine adanganywe ndipo wao wapone.

Wala siipigi vita imani. Mimi ni Mkristo, nasali, na nitaendelea kusali na watu wale wale. Lakini tangu lini kuuliza kukawa dhambi? Katika Injili ya Luka, Yesu anamzungumzia mtu anayetaka kujenga mnara, na jambo la kwanza analotarajiwa kufanya ni kuketi na kuhesabu gharama, asije akaishia kwenye msingi na kuchekwa na wapita njia. Na nabii Eliya alipojificha pangoni kule Horebu, ulipita upepo mkali, ukaja mtetemeko, ukaja moto, na Mungu hakuwamo katika vyote hivyo. Alisikika kwa sauti ndogo, ya utulivu. Nikisikia mtu anapandisha sauti ili nitoe hela haraka kabla "mlango haujafungwa", siku hizi nakumbuka pango lile.

Imani ya babu haikuwa ndogo. Aliingia gizani kama sisi sote. Tofauti ni kwamba hakutaka kumpa mtu yeyote hatua ambazo mtu huyo hakuzitembea.

Kwa hiyo natoa maoni yangu wazi, na viongozi wa vikundi vyetu vya ibada, wa madhehebu yote, wanijibu kama nimekosea. Kwanza, isiruhusiwe kutangaza mpango wowote wa fedha ndani ya ibada, au mara tu baada yake, watu wakiwa bado wamelainika. Mwenye bidhaa aje mchana, mezani, bila kwaya. Pili, ukialikwa, uliza kwa sauti maswali mawili: hapa kinauzwa nini, na kama hakuna mtu mpya atakayeingia mwezi ujao, mimi nitalipwa na nini? Tatu, na hili ndilo gumu zaidi, anayeuliza asiitwe mwenye imani haba. Neno hilo ndilo lililomnyamazisha mama yangu jikoni.

Sasa sehemu ambayo nilitamani kuiruka.

Usiku ule nilihesabu, nikapata jibu, nikalala nalo. Kesho yake nilimwambia yule ndugu kwamba sina hela. Huo ulikuwa uongo, bumu lilikuwa limeingia. Wenzangu watatu wa pale kimbweta sikuwaambia lolote. Niliogopa kuonekana najifanya msomi mbele ya watumishi. Wawili wakaingia. Mmoja wao ameuza kompyuta yake ili aongeze ngazi, siku hizi anaandika kazi zake za darasani kwenye simu iliyopasuka kioo. Yule ndugu wa daftari mwenyewe naye anadaiwa na waliokuwa juu yake. Sijui kama tumsikitikie au tumkasirikie, pengine yote mawili.

Wiki mbili zilizopita nilimpigia baba simu nikamweleza. Tangu pikipiki ya baba mdogo iuzwe, hatukuwahi kuzungumza habari hizo. Alikaa kimya muda mrefu mpaka nikadhani salio limeisha.

"Mlikuwa wangapi pale?" akauliza.

"Watano, baba."

"Na uliwaambia?"

"Sikuwaambia."

Akashusha pumzi. "Mama yako aliniambia, nikamtukana kwa Biblia. Nenda kawaambie. Hata wakikuita jina lile, waambie."

Mmoja nimeshamwambia, yule wa kompyuta. Hakukasirika. Aliniuliza tu kwa nini sikusema siku ile, na sikuwa na jibu la kumpa. Nyinyi wengine, ambao bumu lenu la muhula huu bado liko mfukoni, nawaambia leo: hesabuni hatua. Pango halifiki Mombasa.